Siku moja maishani mwangu: mtunza mafaili ya timu

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya barua pepe nafungua Microsoft Teams, programu ambamo timu huzungumza na kugawana mafaili, napita chaneli zote (vyumba vya mada mbalimbali) nikitafuta mafaili yaliyowekwa pasipo pake. Kila chaneli ya kawaida ina folda yake kwenye SharePoint ya timu, yaani hifadhi ya pamoja ya mafaili mtandaoni, hivyo kilichobandikwa kwenye chaneli ya Manunuzi kinaingia folda ya Manunuzi chenyewe. General, chaneli ya jumla, ndiyo hujaa taka. Nahamisha kwa amri ya kuhamisha. Ukipakua na kupakia upya, historia ya matoleo haifuati. Kisha naacha linki mpya palepale.

Saa 3:30. Majina. "Bajeti final", "bajeti final 2", "bajeti FINAL kabisa": matatu haya ni faili moja. Nabakiza moja, 2025-03-14_Bajeti_Ukarabati. Mwaka unatangulia ili orodha ijipange yenyewe kwa tarehe. Folda ndani ya folda, tatu zinatosha: Excel inagoma kufungua faili ambalo njia yake yote, pamoja na majina ya folda, inazidi herufi 218, na mtu atadhani faili limeharibika.

Saa 5:00. Hapa ndipo penye kazi yenyewe: mafaili ya chati, yaani mazungumzo ya watu binafsi nje ya chaneli. Ukimtumia mwenzako faili kwenye chati, haliingii kwa timu. Linakaa kwenye OneDrive yako, hifadhi yako binafsi mtandaoni, folda ya Microsoft Teams Chat Files, na mwenzako anapewa ruhusa tu ya kulifungua. Mtu akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa, OneDrive yake hubakizwa siku 30 kwa mpangilio wa kawaida, halafu nayo inafutwa. Mikataba iliyokuwa humo huondoka nayo. Kwa hiyo anayeondoka naketi naye wiki mbili kabla. Tunaifungua folda hiyo, tunaipanga kwa tarehe, tunachagua ya kazi na kuyahamishia kwenye chaneli husika. Ya binafsi hatuyagusi.

Saa 8:00 mchana. Maombi ya chaneli mpya. Mengi nayakataa: kama jambo litaisha ndani ya mwezi, uzi mmoja wa mazungumzo unatosha. Chaneli ya faragha ina SharePoint yake peke yake, kwa hiyo nadai iwe na wamiliki wawili.

Saa 9:30. "Folda yetu imepotea!" Mara nyingi kuna aliyeisawazisha kwenye laptop yake, yaani ameweka nakala inayofuata ile ya mtandaoni, diski ikajaa, akaifuta. Ukifuta folda iliyosawazishwa umewafutia wote. Naingia kwenye SharePoint, kwenye pipa la taka, ambako vitu hukaa siku 93, nairudisha mahali pake. Chaneli iliyofutwa muda wake ni mfupi, siku 30. Kisha namwonyesha aliyefuta: bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Free up space. Alama ya wingu ikitokea, nafasi imepatikana na mafaili yapo.

Saa 11:00 jioni naangalia General mara ya mwisho. Yapo mapya mawili.