Nundu ya mutamaiyo

Jumapili, saa nne usiku. Kucha zangu mbili zimeganda supagluu na mikono inanuka mafuta ya kitani. Wembe wa babu umefungika. Nimeufunga na kuufungua mara ngapi sijui, kama mtoto aliyenunuliwa tochi.

Babu alikuwa kinyozi Kariokor. Alituachia ukanda wa ngozi wa kunolea na wembe mmoja wa kukunja, chapa ya Solingen, Ujerumani, uliokaa miaka mingi ndani ya kopo la Kimbo. Mwaka jana nilipoutoa, kutu ilikuwa imetapakaa sehemu ile tu ambayo chuma hulala ndani ya mpini. Kwingine kunang'aa. Nikalaumu unyevu, kumbe ni mpini wenyewe! Ni wa seluloidi, ile plastiki ya zamani. Ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hula chuma. Askari wa mlangoni ndiye aliyekuwa akiiba.

Kutu niliisugua, bahati haikuwa imefika kwenye makali. Mpini mpya ndio ulionisumbua.

Mti niliupata kwa muuza kuni Dagoretti. Mutamaiyo, mzeituni wa porini, ule ambao Wamaasai hufukizia vibuyu vya maziwa. Pembeni palikuwa na nundu moja ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, imejaa alama za shoka. "Hiyo haipasuki, mama," akaniambia, akacheka nilipoitaka hiyo hiyo. Haipasuki kwa sababu nyuzi zake hazielekei popote: zinazunguka vijicho vya matawi ambayo hayakuwahi kuchipua. Fundi mmoja wa Gikomba alinichania vipande vya milimita 4. Nikavibana kati ya magazeti na matofali wiki sita. Viwili vilijikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Vilivyobaki, Mungu wangu, ni kama kutazama chai ya maziwa ikikorogwa.

Na hapo ndipo tamaa iliponiponza. Mpini wa wembe ni vipande viwili, na wembe hukaa katikati yake. Jozi ya kwanza niliipanga ili vijicho vizuri kuliko vyote vikae kwenye egemeo, pale wembe unapozungukia, maana ndipo mtu hutazama kwanza. Nikatoboa, nikapitisha waya wa shaba wa milimita 1.6, nikavika washa ndogo, yaani pete bapa, nikaanza kugonga ncha ya waya ili itanuke kama kichwa cha uyoga. Kugonga huku ni kwa subira, nyundo ndogo, vipigo vyepesi hata mia. Kipigo cha sitini hivi nikasikia *tak*. Ufa ulitoka kwenye tundu ukapita jicho hadi jicho. Kila jicho lina kitobo chake, na mimi nilikuwa nimeenda kugonga hapo hapo. Sikulala vizuri.

Jozi ya pili niliigeuza. Egemeo likapata mbao tupu isiyo na maua, vijicho vikaenda katikati, mbali na egemeo. Vitobo nilivijaza gundi nyembamba na unga wa mbao yenyewe, kisha msasa, hadi unene ukawa milimita 3. Mkiani kati ya vipande viwili hukaa kabari. Vinyozi wa zamani walikuwa nayo ya risasi, mimi nikachonga ya pembe ya ng'ombe. Kabari ikienda upande, wembe nao huenda upande, na makali yakigusa mbao yameharibika. Wangu uliegemea kulia. Nikakata shaba, nikaanza tena. Leo saa moja usiku ukaingia katikati.

Baba aliufungua na kuufunga mara tatu, akiusikiliza. Akaunusa. Kisha akauliza ule mpini wa mzee nimeutupa wapi.

Nikamwambia sijautupa. Uko nje barazani, kwenye kopo lake lisilo na kifuniko, mbali na chuma chochote.