Sinza hadi Mikocheni, kupitia London

Rafiki yangu ana seva ndogo ofisini kwake Mikocheni. Mimi nakaa Sinza, Dar es Salaam hii hii, hapo tu, kama hakuna foleni bajaji inakufikisha chai haijapoa. Lakini nikiifungua hiyo seva inajikokota, na ping, kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi, inanirudishia milisekunde 310. Nikajua mashine yake imechoka.

Nikapiga traceroute, amri inayoonyesha njia ambayo data inapita. Ina ujanja ninaoupenda sana. Kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, hubeba namba, na kila ruta (kifaa kinachoelekeza pakiti njiani) inayoipitisha hupunguza moja. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumwarifu aliyeituma. Namba iliwekwa ili pakiti zilizopotea njia zisizunguke milele. Traceroute yenyewe inazituma zikafe makusudi: ya kwanza inapewa moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kila inapofia tunapata anwani ya ruta.

Hatua za mwanzo zilikuja na milisekunde 2, 9, 11. Hapo bado tuko Dar. Ya sita ikaruka hadi 140, na jina la ruta lina "mrs": Marseille, Ufaransa, inakoibukia mikongo mingi, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, inayopita Bahari ya Shamu. Iliyofuata, "lon": London. Halafu safari ikageuka kurudi Dar!

Majina ya ruta huwekwa na mafundi, na fundi anaweza kusahau kuyabadilisha. Ila hesabu ya muda haikwepeki. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Sinza na Mikocheni hazihitaji 310.

Kumbe mimi na yeye tuko kwenye kampuni mbili tofauti, na mitandao yao inakutania Ulaya. Ruta haina habari na ramani ya jiji. Inafuata jirani aliyetangaza "anwani hizo zipitishe kwangu", na nyuma ya tangazo hilo kuna mikataba ya nani anamlipa nani. Dar tunayo TIX, kituo cha kubadilishana data kilichowekwa kwa ajili ya hilo hilo, lakini njia isipotangazwa pale, pakiti itapanda mkongo tu.

Sasa nakumbuka Mei 2024, mikongo miwili ilipokatika upande wa Afrika Kusini. Seva ya Mikocheni ilinigomea siku nzima, nami nikampigia jamaa kumuuliza kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha.