Notisi ya siku 20: bafu mbili zimenifunza

"Usitume notisi, utamuudhi bosi." Kila fundi niliyemuuliza hapa San Diego aliniambia hivyo nilipoanza kuchukua kazi za vigae. Shauri hilo nalichukia mpaka leo.

Sheria ya California inamruhusu fundi asiyelipwa kusajili lieni, yaani deni linaloishika nyumba yenyewe. Ila kama umepewa kazi na mkandarasi, si mwenye nyumba, lazima kwanza utume notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu uanze. Ukichelewa bado unaweza kutuma, lakini italinda kazi ya siku 20 za nyuma tu. Kazi ya kabla ya hapo haina kinga.

Mimi niliipiga picha nikamtumia mkandarasi kwa WhatsApp. Akanijibu kwa kidole gumba, nikalala usingizi. Kumbe si kitu! Inatakiwa ikabidhiwe mkononi au iende kwa barua ya rejista, tena kwa watatu: mwenye nyumba, mkandarasi mkuu, na benki iliyokopesha ujenzi kama ipo.

Benki ningeijulia wapi? Mkandarasi nilimuuliza mara mbili, akaniambia nishughulike na vigae vyangu. Asubuhi moja nikasimama getini, pale kilipobandikwa kibali cha ujenzi ndani ya mfuko wa plastiki. Nikafuta vumbi kwa kiganja, nikanakili namba ya kibali, mchana nikaenda idara ya majengo ya jiji nikaomba faili. Jina la mwenye nyumba lilikuwemo, anwani yake, na benki! Kabla ofisi ya posta haijafunga nilikuwa nimeshika risiti tatu. Risiti hizo usizitupe, ndizo ushahidi wako.

Ilikuwa siku ya 31. Siku kama kumi za mwanzo, bafu mbili nzima, zikabaki nje ya kinga.

Baada ya wiki mwenye nyumba akanipigia mwenyewe, sauti ya upole, akiuliza mimi ni nani na nadai kiasi gani. Hakujua kwamba hata akimlipa mkandarasi yote, nyumba yake ingeweza kushikwa kwa deni langu. Alizuia malipo yaliyofuata, akaandika hundi yenye majina mawili, langu na la mkandarasi. Tuliisaini juu ya boneti ya gari lake, bila kutazamana.

Za zile bafu mbili bado namdai mkandarasi.