Karatasi za Mwaloni

Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alinipa kazi ya kumtengenezea programu ya kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka stoo. Bando lilikuwa linanimaliza, basi nikaingia steshenari, nikaprinti kurasa kama arobaini za maelekezo ya Django, yaani zana za kutengenezea programu za wavuti, nikazipiga pini, nikajiona msomi.

Karatasi zilisema anwani za kurasa zinaandikwa kwa "path". Nikaandika hivyohivyo. Kompyuta ikagoma: hakuna kitu kinachoitwa path. Siku mbili nafuta, naandika upya, nailaani ile kompyuta kuukuu ya mzee, huku harufu ya dagaa imeshaingia hadi kwenye begi.

Siku ya tatu alipita rafiki yangu tuliyesoma naye. Hakutazama hata skrini.

"Hizi karatasi ni za toleo gani?"

Sikuwa na jibu. Akang'oa pini. Chini yake palepale kulikuwa na onyo: maelekezo haya ni ya toleo ambalo bado linatengenezwa, huenda likatofautiana sana na yaliyokwishatoka. Kompyuta ya mzee ilikuwa na Python 2.7, lugha ya kompyuta ambayo Django inaandikwa kwayo, na Django ya mwisho kuelewana nayo ni 1.11. Hiyo path ilikuja na 2.0, Desemba 2017. Na tovuti yenyewe ya maelekezo ina sehemu ya kuchagua toleo, pale chini pembeni! Jioni ileile nikaprinti za 1.11, nikatumia "url" kama zilivyosema, kazi ikaenda.

Ungedhani nimekoma. Miezi michache baadaye nikaongeza kitufe cha kufunga hesabu za siku. Alhamisi nikabandika ukutani maelekezo mapya, ya zamani nikayachana. Kabla sijaiweka programu mpya, umeme ukakatika. Nikasema nitarudi Jumatatu.

Ijumaa jioni simu ikaita. Alikuwa karani, mama mtu mzima asiyependa kupotezewa muda.

"Mwanangu, karatasi inasema nibonyeze Funga Siku. Hicho kitufe umekificha wapi?"

"Shikamoo mama. Hakijafika bado."

"Marahaba. Sasa karatasi imefikaje kabla yake?"

Nilipanda bodaboda kwenda kuibandua, na njiani nilikuwa najaribu kukumbuka ile ya zamani ilisemaje.