Siku tisa Mikindani

Julai 1998 nilikuwa na miaka 19 na haraka imenijaa. Fundi mmoja wa gereji Dar es Salaam alikuwa ameniahidi kazi, akataka niwe nimefika kabla ya mwezi kwisha. Kwa gari, hakuna aliyeweza kukuambia utafika lini. Mvua za El Nino zilikuwa zimeichimba vibaya barabara, Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijajengwa, na pale Rufiji magari yalikuwa yanangoja kivuko. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likipakia chumvi Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara. Mama akasema, "Nenda na mjomba wako. Upepo wa kusi unavuma, siku nne hizi mtakuwa Dar."

Tukapakia, tukasogea katikati ya maji, tukatia nanga. Tukakaa pale siku tisa.

Anayeifahamu Mikindani anajua jinsi ghuba ile inavyodanganya. Mlango wake ni mwembamba, mikoko imeizunguka, na kilimani Boma la Mjerumani, la mwaka 1895, limesimama kimya. Ndani maji hayana hata mkunjo. Ukikaa humo huamini kwamba nje kuna bahari iliyochafuka, na mimi sikuamini. Siku ya pili nikamfuata mjomba tezi, nyuma ya chombo, alikokuwa ameketi akishona tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Najua unachotaka kuuliza."

Akanionyesha foromali, mti unaobeba tanga. Ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono, wameupiga ganga kwa mti wa mkoko na kamba ya kumbi. "Kwenda si kazi," akasema. "Upepo uko tezi, mkondo nao unakwenda huko huko. Sasa niambie, huu mti ukikatika tumeshalipita lango la Lindi, tutarudi na nini?"

Sikuwa na jibu, ila nilinuna. Ilinichukua muda kuelewa. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na miezi ya kusi unazidi kasi. Chombo cha tanga kikipitiliza bandari, kuirudia ni kubisha upepo na mkondo kwa pamoja, na jahazi lililobeba chumvi na foromali ya kuungwa haliwezi. Alikuwa anangoja kusi ipungue angalau siku mbili, tuwahi Lindi, halafu Kilwa, kidogo kidogo.

Kwa hiyo tukaishi. Tulikuwa watu sita katika chombo ambacho ukinyoosha miguu unamgusa mwenzako. Chakula kilipikwa kwenye sanduku la mchanga lenye mafiga matatu: ugali wa muhogo, samaki wa kuchemsha kwa ndimu, na ming'oko, viazi vya porini tulivyonunua kwa akina mama ufukweni. Maji ya kunywa tuliyafuata kwa madumu na kidau, na serahangi, mkuu wa mabaharia, aliyapima kwa kikombe. Mchana niliruhusiwa kushuka. Nilizunguka vichochoro hadi nikavikariri, nikasimama mara nyingi mbele ya ile nyumba yenye kibao cha Livingstone, ambaye mwaka 1866 alishukia ghuba hii kuanza safari yake ya mwisho. Yeye naye hakuwa amepanga kuja hapa: alitaka kuingilia mdomo wa Ruvuma, mikoko ikamzuia na ngamia wake, meli ikamleta Mikindani. Nilipenda sana kulijua hilo siku zile.

Kazi yangu mimi ilikuwa ngama, maji yanayojikusanya chini kabisa ya chombo. Alfajiri na jioni nilishuka chini ya shehena na kata, nikafua maji hadi nione mbao. Ukiiacha ngama ipande, maji yanagusa magunia ya chini, na chumvi inakwenda nayo bila mtu kuona. Gunia halipasuki wala halitoboki. Linalegea tu, kama shavu la mzee, na unapolibonyeza kidole kinazama. Niliyabonyeza kila siku. Mikono yangu ilipasuka kwenye viungo vya vidole, na ndani ya mipasuko chumvi ikakauka nyeupe. Usiku ilichoma kiasi kwamba nililala nimeiweka mikono kifuani.

Siku ya nne jahazi jingine, lililokuwa jirani yetu, likatweka tanga na kutoka. Nilisimama omo, mbele ya chombo, nikiwaangalia wakipita mlangoni, roho inaniuma. "Mjomba, wale wameondoka!"

Hakuinua kichwa. "Wana foromali yao."

Wale walifika salama. Tulikuja kuwasikia Dar kwamba hawakupata hata mchubuko. Nalisema wazi kwa sababu wengi wanaosimulia habari za bahari humzamisha kila aliyetoka mapema. Mjomba alipoambiwa alisema alhamdulillahi, na akafurahi kweli.

Usiku wa sita ndio ninaoukumbuka kuliko zote. Kusi iliingia hadi ndani ya ghuba, mlingoti ukawa unalia. Zamu ilikuwa yangu. Tangu siku ya kwanza mjomba alikuwa amenifundisha kukaa omo na kushika amari, kamba ya nanga, kwa kiganja, si kuifunga wala kuivuta, kuishika tu. "Nanga ikikamata, amari inakaza na kulegea taratibu. Ikikokota, itatetemeka. Mkono wako utajua kabla ya macho."

Sijui ilikuwa saa ngapi. Kiganja changu chenye mipasuko kikaanza kuwasha, na chini ya ule mwasho kulikuwa na kitu kingine: mtikisiko mdogo mdogo, kama kamba ya mshipi samaki anapoonja chambo. Nikatazama taa za mji. Zilikuwa pale pale, au nilidhani hivyo. Nilisita kidogo, nikiogopa kuwaamsha watu bure, kisha nikapiga kelele, "Mjomba, inatetemeka!"

Alifika kabla sijamaliza neno. Akaweka mkono wake juu ya amari, mbele ya wangu. Akasikiliza. "Inakokota," akasema, na ndipo wote wakainuka. Tukaongeza amari, tukatupa nanga ya pili, tukakaa na mikono juu ya kamba zote mbili hadi kulipokucha. Kulipopambazuka tukaona mikoko imesogea karibu, hatua chache tu nyuma ya usukani. Mjomba hakunisifu. Aliniambia nikalale, na ngama ya asubuhi ile akaifua mwenyewe.

Siku ya tisa, kabla ya adhana ya alfajiri, upepo wa umande ulivuma kutoka nchi kavu, mwepesi na wa baridi. Tukasoma dua, tukang'oa nanga. Foromali ilivumilia hadi Dar.

Kazi ya gereji alikuwa ameshapewa mwingine. Nikabeba mizigo Kariakoo miezi mitano, hadi upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma sawasawa mwezi wa Disemba na mjomba akawa anapakia kurudi kusini. Nilimkuta bandarini, nikamwamkia. Akaishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akavitazama.

"Imepona," akasema. "Haya, panda."