Nilivyorudi Tanga na tebo tenisi ya Kijapani, na vitu vilivyonilazimu kubadilika

Nilikaa Fukuoka miaka miwili na nusu nikisoma, na kitu nilichorudi nacho moyoni kuliko hata cheti ni tebo tenisi. Mtaani nilipopanga kulikuwa na ukumbi wa jamii, unalipa yeni mia kadhaa unaingia unacheza, na waliojaa mule ni wazee watupu. Kuna bibi mmoja wa miaka 74 siku ya kwanza alinifunga 11-2 hata jasho halijamtoka, halafu akaja upande wangu akanigonga goti kidogo na bati lake, kile kibao cha kupigia mpira, yaani kunja hapo. Huyo ndo kochi wangu wa kwanza, mpaka leo namhesabu hivo.

Miezi miwili ya mwanzo alinikaba na kitu kinaitwa suburi, unasimama mbele ya kioo unapiga hewa bila mpira, mara mia, mara mia mbili, mpaka mkono unajua njia wenyewe. Sasa nilipokuja kulitaja hilo neno Tanga watoto ninaowafundisha wakasikia "saburi", na mmoja akaniambia ticha basi tusaburi mpaka lini, na mimi sikuwasahihisha kabisa kwa sababu kwa kweli maana waliyoipata wao ndo yenyewe. Mpaka leo tunasema saburi hamsini, saburi mia.

Nilirudi na mabati sita, mipira 60 iliyotumika na raba 14, yaani zile za kubandika juu ya bati, nyingi walinipa wale wazee. Kwenye simu nilimwambia dada yangu awaambie watoto wa mtaa nakuja na raba, wao wakajua viatu, na kusema ukweli viatu navyo vilitakiwa maana nusu yao walikuwa wanacheza peku kwenye sakafu ya simenti. Kwa hiyo pesa ya kwanza niliyotumia ilienda kwenye viatu vya mtumba.

Kosa kubwa nililofanya ni kuanza na vitu vya gharama. Nilibandika Tenergy ya Butterfly, raba iliyotoka 2008 na ikashikwa na wachezaji wakubwa karibu dunia nzima, nikawapa watoto ambao walikuwa wamezoea kibao cha mbao tupu. Mpira ukawa unaruka mpaka barabarani. Halafu sauti, wao wamezoea ko-ko-ko, sponji iliyo chini ya raba inakula sauti, dogo mmoja akanirudishia bati akasema ticha hili limekufa. Nikakumbuka stori waliyonipa wazee ya Hiroji Satoh, mwaka 1952 alienda mashindano ya dunia Bombay na bati la sponji nene, wapinzani wakawa hawasikii mpira unapigwa saa ngapi, akaondoka na ubingwa. Niliwasimulia pale pale na wakatulia, lakini Tenergy niliitoa, nikaagiza Mark V ya Yasaka yenye sponji nyembamba, ni raba ya tangu 1969 na inamvumilia mtu anayejifunza. Kama unaanzisha sehemu usipoteze hela kwenye raba za mabingwa, kwa mtoto zinaharibu mkono.

Meza sikuweza kuleta wala kuagiza, bei ya usafiri inazidi meza yenyewe. Nikaenda kwa fundi seremala Ngamiani na vipimo, sentimita 274 kwa 152.5, urefu kutoka chini 76. Fundi akaniambia dada hiyo kazi ya siku mbili, meza ni meza. Nikamwambia fundi wangu hapana, hii ina mtihani, sheria inataka mpira ukidondoshwa kutoka sentimita 30 upande kama 23, na kila mahali uwe sawa. Tukaweka rula ukutani, playwudi ya kwanza ikatoa 17, katikati hata 15. Akanyamaza akaizunguka meza, akagonga kwa chini na vidole kama mtu anayechagua nazi, akasema inapumua. Akatoa ile bodi akaweka nene zaidi na kuongeza mbao za kushikilia kwa chini, siku ya tano tukapata 22 meza nzima na yeye ndo alikuwa wa kwanza kushangilia.

Gundi nayo. Fundi viatu wa jirani alitaka tutumie gundi yake, nikakataa, zile za harufu kali zilipigwa marufuku kwenye mchezo huu 2008 kwa ajili ya afya na mimi nafanya kazi na watoto. Tunatumia ya maji, unapaka nyeupe, unasubiri mpaka iwe kama kioo ndo unabandika, kisha unasukuma na chupa ya soda taratibu upepo utoke. Masika ikija raba zinapata unyevu mpira unateleza, hivo kila mtoto anafuta yake na sponji ya maji kidogo, anaikausha, anaifunika na nailoni yake kabla ya kwenda nyumbani.

Utamaduni ndo ulikuwa mgumu kuliko vyote. Kule kabla ya kuanza unainama unaomba mazoezi, ukimaliza unashukuru, mnaokota mipira wote, mnafuta meza. Kuinama sikukuleta, sisi tuna shikamoo na asante na zinatosha. Ila kuokota mipira sikurudi nyuma, mama mmoja akanifuata akaniuliza mwalimu mwanangu anakuja kucheza au kutumwa, nikamkaribisha akae aangalie, akakaa hadi mwisho, akaondoka kimya na kesho yake akatuletea chandarua cha zamani. Tumekitundika nyuma ya meza, mipira ya ndoo nzima ninayowarushia mmoja baada ya mwingine inaishia pale badala ya kwenye mtaro. Na mpira ukigusa wavu ukakupa pointi, unanyoosha mkono kuomba radhi. Hiyo imechukua karibu mwaka, walikuwa wanashangilia.

Mwezi uliopita nilimtumia bibi video ya sekunde 40. Kuhusu meza hakusema kitu, chandarua hakusema kitu. Akaandika tu, wa fulana ya njano amesimama wima sana. Jumamosi nikaenda nikamgonga goti.