"Wewe ni wa nani?"

Kwetu Machame, Kilimanjaro, mtoto akitumwa dukani hafiki bila kuulizwa njiani, "Wewe ni wa nani?" Mzee anayeuliza hana ubaya. Anataka kujua ukoo wako na kihamba chenu, yaani shamba la ukoo, halafu akupe salamu za nyumbani. Wenzangu walitaja majina ya baba zao wakapita. Mimi nilimtaja babu mzaa mama, na wenye kujua mambo walinyamaza kidogo kabla ya kuitikia. Mama alinizaa akiwa kwao, na hakuna mwanaume aliyewahi kuja kuniulizia.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la kipaimara. Sisi Walutheri tunakariri Katekisimu Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana. Bibi ndiye aliyekuwa akinisikiliza jikoni usiku huku akimenya ndizi. Kusoma kulimpa shida, lakini nikiruka neno moja tu alinirudisha.

Jumamosi ya mtihani tuliketi mabenchi ya mbele, wazee wa kanisa wakiwa pembeni. Kabla ya maswali, mzee mmoja alipita na daftari kubwa kuhakiki majina ya vyeti. Alipofika kwangu kalamu ikasimama.

"Jina la baba?"

Nikataja la babu.

"Huyo ni babu yako. Nimeuliza baba."

Hakupaza sauti, lakini benchi zima lilisikia. Akaacha pengo, akahamia kwa mwenzangu. Pengo lile ninaliona mpaka leo: mstari wa bluu usioguswa na wino, na majina ya baba za watu yamejaa juu yake na chini yake.

Zamu yangu ilipofika, mwinjilisti alinitaka niseme kifungu cha pili cha Imani pamoja na maelezo yake. Hapo Luther anaeleza kwamba Yesu Kristo alinikomboa mimi niliyepotea, si kwa dhahabu wala fedha, bali kwa damu yake, ili niwe wake. Nilikwenda vizuri mpaka hapo, koo likakaza. Sikuwa nimesahau. Maneno niliyoyaimba jikoni usiku kwa usiku yalikuwa yakinijibu, mbele ya daftari lile lile.

Mwinjilisti alisubiri, kisha akauliza taratibu, "Ili uwe wa nani, mwanangu?"

"Wa Yesu."

"Sema kwa nguvu, wazee wasikie."

Nikasema kwa nguvu. Kama aliyaona ya daftari, hakuniambia kamwe, na sasa ni marehemu. Siku ya kipaimara mchungaji aliniwekea mikono kichwani, akaniita kwa jina langu la ubatizo peke yake, kama alivyowaita wote. Cheti kilitoka na jina la babu. Nina hakika bibi alikwenda kuzungumza na mtu.

Hamu ya kumjua baba haikuisha siku ile, na sijawahi kuiombea iishe. Miaka ilipita, babu akafariki, na wajomba walipogawana kihamba mimi sikuwemo. Nilielezwa kwa upole kwamba mimi ni wa upande mwingine, upande ambao hakuna aliyeweza kunionyesha ulipo. Iliniuma sana. Bibi alinishika mkono akanisomea kwa kichwa Zaburi ya 27, mpaka mstari wa 10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Nililia, lakini sikuyumba. Walichoninyima kilikuwa shamba. Mimi nilikuwa na mwenyewe wangu, Yesu, naye alikwisha kunilipia.

Siku hizi nasaidia kufundisha darasa la kipaimara Dar es Salaam. Majina ya vyeti naandika na kila mtoto peke yake, mbali na masikio ya wenzake. Asiye na jina la baba namwuliza angependa tuandike lipi, na hilo ndilo linaloandikwa.